Bulo iliyolegea inasema mbele ya kuanguka: uisikilize



Mara hii tunaongea juu ya kitu kidogo, ambacho unaweza kukifunika kwa vidole viwili: bulo na ekru yake. Wengine wanasema bolti na nati. Ni kitu kile kile. Motokari moja inashikwa na maelfu ya vipande vidogo vya namna hiyo. Mtu akinunua motokari, anaangalia rangi, viti na mashini. Hakuna anayeuliza habari za bulo. Lakini ni bulo zinazoshika viti, mashini, na magurudumu yanayobeba watoto wako.

Tuanze mbali kidogo, kwa watu wanaojua motokari kuliko sisi sote. Tarehe 9 Agosti 1987, katika inchi ya Hungaria, karibu na mji wa Budapest, kulikuwa mashindano ya motokari za mbio za Formula 1. Mizunguko ilikuwa 76. Mwingereza Nigel Mansell alikuwa mbele ya wote. Katika motokari za mbio za namna ile, kila gurudumu linashikwa na ekru moja tu, ya katikati. Ilipobaki mizunguko 6, ekru ya gurudumu la nyuma, upande wa kuume, ikatoka. Mansell akasimama kando ya njia, na mwenzake Nelson Piquet akapita akashinda.

Fikiri kidogo. Motokari ile ilikuwa na mafundi wengi, na kila mmoja wao alikuwa na kazi yake. Hata hivyo ekru moja ilishinda wote. Mansell alipoteza ushindi tu, hakupoteza uhai. Alikuwa peke yake katika motokari, na kaske kichwani. Lakini wewe ukipoteza ekru kwenye njia ya Lubumbashi na Likasi, mbele yako kunakuja lori yenye mzigo, na nyuma yako wamekaa bibi na watoto.

1. Sababu gani bulo inalegea?

Watu wengi wanafikiri kwamba bulo inashika kwa sababu imezungushwa sana. Si hivyo. Ukikaza ekru, bulo inavutika kidogo sana, sawasawa na risori. Kwa kuwa inataka kurudi katika urefu wake, inabana vipande viwili pamoja. Ni kule kubana kunakoshika. Siku kubana kunapopungua, vipande vinaanza kucheza, na ekru inaanza kurudi nyuma yenyewe.

Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha jambo hili kwa mashini ya majaribio. Aliona kwamba kinacholegeza bulo zaidi ni vipande kuteleza huku na huku, upande kwa upande. Kila kipande kinapoteleza, hata kidogo sana, ekru inapata nafasi ya kuzunguka. Ikitingishwa mara nyingi, inafunguka yote, bila mkono wa mtu.

Motokari ya spoti ina risori ngumu na inakaa karibu na udongo. Kila shimo linapanda moja kwa moja mpaka kwenye bulo. Ndiyo sababu wenye motokari hizo wanatafuta kelele ndogo ndogo kila wakati. Lakini pikapu yetu ao taksi yetu kwenye njia ya mavumbi inapigwa vile vile. Mtingisho hauulizi bei ya motokari.

Sababu zingine ni hizi: kutu ao rangi nene iliyobaki kati ya vipande viwili, ambayo inasagika baadaye na kuacha nafasi, ekru ya zamani iliyokwisha meno, na bulo iliyokazwa kupita kiasi. Ndiyo, hata kukaza sana ni kosa. Bulo iliyovutwa kupita nguvu yake hairudi tena kama risori. Inabaki ndefu, haibani, na siku moja inakatika.

2. Wewe una sikio la mchimbaji

Wenzetu wanaofanya kazi chini ya ardhi wanajua jambo moja kuliko fundi wa garaji. Mbele ya kuanza kazi wanachukua mtaimbo na kugonga mwamba wa juu. Mwamba mzima unalia kwa sauti kali na safi. Mwamba ulioachana unajibu kwa sauti nzito, kama ngoma tupu. Mchimbaji akisikia sauti ile hasemi: «Jana haukuanguka, leo pia hautaanguka.» Anasimama mahali salama, anauangusha, kisha anaingia.

Sasa sababu gani mtu yule yule, akitoka zamu yake, anapanda motokari inayolia «ka-ka-ka» tangu wiki mbili, na anaongeza sauti ya redio asiisikie? Kelele mpya katika motokari ni sawasawa na mwamba unaojibu kama ngoma. Kitu kimeachana na kingine. Bado hakijaanguka, kinakuambia tu.

3. Kutafuta kelele

Usianze kufungua vitu ovyo. Uulize kwanza: inalia wakati gani?

Inalia motokari ikiwa imesimama, mashini ikizunguka? Tafuta kwenye mashini, chini ya kapo, na kwenye bomba la moshi.

Inaongezeka magurudumu yanapoenda mbio, hata ukitoa mguu kwenye pedali ya mwendo? Tafuta kwenye magurudumu. Ukisikia «tik, tik, tik» inayofuata mzunguko wa gurudumu, ao motokari ikianza kutetemeka pasipo sababu, simama mara moja mahali salama uangalie ekru za magurudumu.

Inalia ukipita shimoni tu? Tafuta kwenye amortisa, batri, gurudumu la akiba, na vyombo vilivyo nyuma.

Inalia ukikata kona? Tafuta kwenye viungo vya volani. Inalia ukikanyaga freni? Tafuta kwenye freni. Kwa mambo hayo mawili, volani na freni, usijifanye fundi. Usiitembeze motokari, fundi aje kuiona.

Ni vizuri kuwa wawili. Mmoja aendeshe polepole, mwingine asikilize. Dreva akitaka kusikiliza peke yake anasahau njia.

Kisha mashini ikiwa imezimwa na imepoa, gonga vipande taratibu kwa kishikio cha turnavisi. Karatasi ya chuma inayokinga joto juu ya bomba la moshi ndiyo inapiga kelele mara nyingi. Bulo zake ni ndogo na zinaliwa na kutu. Lakini usicheke kelele za bomba lenyewe. Bomba lililolegea linaweza kutoboka ao kuachana, na moshi ukaingia ndani. Katika moshi ule mna gesi ya monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi, na inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa ya oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, anasinzia, na anafikiri ni uchovu wa kazi. Kama watoto wanaumwa kichwa kila wakipanda motokari, fungua madirisha, simama, wote washuke. Motokari isiendeshwe mpaka bomba litengenezwe.

4. Jicho na mkono: dakika kumi siku ya Mungu asubuhi

Kelele si dalili pekee. Bulo inayocheza inaacha alama. Angalia vitu vitatu: unga mwekundu wa kutu kuzunguka bulo, mstari wa kutu unaotoka kwenye ekru ya gurudumu kwenda nje, na mahali panapong'aa, ambapo chuma kimesuguana na chuma.

Pita kwa utaratibu, usirukeruke. Anza na magurudumu manne. Kisha fungua kapo: shika batri kwa mikono miwili na ujaribu kuitingisha, haifai kusogea. Batri inayocheza inaweza kugusa chuma na kutoa cheche, na batri inatoa gesi inayowaka. Ukitaka kufungua waya zake, toa kwanza ile ya kutoa (−), na wakati wa kurudisha, iwe ya mwisho. Usiegemeze funguo ya chuma juu ya batri.

Baadaye pima milango, vioo vya kuangalia nyuma, kibao cha namba, na viti. Kaa kitini, sukuma kwa miguu: kiti kikisogea, bulo zake za chini zimelegea. Vuta kila mkanda wa usalama kwa nguvu mahali unapofungwa.

Mwenye moto naye asifikiri hatumhusu. Moto inatetemeka kuliko motokari, na haina gurudumu la tatu la kukuokoa. Angalia ekru za magurudumu yote mawili, bulo za freni, vyuma vya kukanyaga, na mnyororo.

Kuna njia rahisi ya kulinda kazi yako. Ukikwisha kukaza bulo kama inavyofaa, chora mstari mmoja mwembamba wa rangi kutoka kwenye ekru mpaka kwenye chuma kilicho chini yake. Rangi ya kucha ya bibi yako inatosha, lakini uombe kwanza! Mstari ukiwa umenyooka, ekru haikuzunguka. Mstari ukikatika sehemu mbili, ekru imetembea. Hata mtoto wako anaweza kuona. Kwenye malori makubwa wanatumia vipande vya plastiki vyenye ncha, vinavyoelekeana. Akili ni ile ile.

5. Kukaza vizuri

Kwanza, safisha. Ukizungusha funguo, karibu sehemu 9 kwa 10 za nguvu yako zinapotea kwa kusuguana, kwenye meno na chini ya kichwa cha bulo. Sehemu 1 tu ndiyo inayovuta bulo. Basi kutu na mchanga vikiongezeka, funguo inakuwa nzito, nawe unafikiri umekaza, lakini bulo bado haikubana. Piga brosi ya chuma kwenye meno. Kama ekru haipandi kwa vidole mizunguko ya kwanza, usiilazimishe: imeingia kombo ao imekufa.

Pili, tumia funguo ya kipimo chake kamili, na iingie sawasawa. Tena tuangalie motokari za mbio. Mwaka 2021, huko Monaco, Valtteri Bottas alikuwa wa pili aliposimama kubadilisha magurudumu. Mashini ya kufungulia ilishika ekru moja kombo, ikakata kingo zake. Ekru ikabaki mviringo, gurudumu likakataa kutoka kabisa, na mashindano yake yakaishia pale pale. Lilitolewa baadaye, motokari iliporudi kiwandani Uingereza. Kama hilo linaweza kuwafikia wao, wewe unayetumia funguo ya 19 mahali pa 18 utafika wapi?

Tatu, chagua kizuizi kinachofaa. Rondeli ya risori, ile iliyokatwa, watu wanaiamini sana. Lakini majaribio ya namna ya Junker yameonyesha kwamba haizuii sana mtingisho wa upande. Ekru yenye pete ya plastiki ndani ni bora zaidi, lakini ikipanda kwa vidole mpaka mwisho, imechoka, tupa. Wala usiitie karibu na bomba la moshi, kwani plastiki hiyo haivumilii joto linalopita karibu digrii 120. Kuna tena gundi ya bulo, ambayo inakauka ikikosa hewa kati ya chuma na chuma. Ilibuniwa na profesa Vernon Krieble, Mmarekani, mwaka 1953. Ya nguvu ya kati, ambayo mara nyingi ni ya buluu, inafunguka kwa funguo ya kawaida. Ile nyekundu ni ya nguvu sana, mara nyingi inahitaji kupashwa moto. Toa mafuta yote mbele ya kuipaka, na uache kwa saa 24 ishike sawasawa.

Nne, usifunge kwa waya ao kwa kamba ukasema «itafika». Waya unakupeleka nyumbani leo, kesho unasahau.

6. Ekru za magurudumu

Hapa hakuna mchezo. Safisha mahali gurudumu linapolala. Usipake mafuta wala grisi kwenye meno, isipokuwa kitabu cha motokari kinasema hivyo. Usipake gundi. Tumia ekru za gurudumu lile lile: za mdomo wa mviringo na za mdomo wa mshazari hazibadilishani.

Panda ekru zote kwa vidole kwanza. Kisha kaza kwa kuvuka: moja ya juu, halafu inayoelekea nayo chini, usizunguke moja kwa moja. Shusha motokari mpaka mpira uguse udongo, halafu malizia.

Kiasi gani? Kitabu cha motokari ndicho kinachosema. Motokari ndogo nyingi zinataka kati ya nyutoni-mita 80 na 120. Tuseme yako inataka 100, na funguo yako ina urefu wa sentimita 30: ni sawa na kuweka uzito wa kilo 34 mwisho wa mkono wa funguo. Sasa mtu wa kilo 70 akisimama na miguu yake juu ya funguo hiyo, anatia zaidi ya 200. Ni mara mbili! Anaona amefanya kazi ya mwanaume, kumbe ameua bulo. Na akiongeza bomba refu juu ya funguo, anaikata kabisa. Kama garaji yako ina funguo yenye kipimo, omba itumiwe.

Ukiisha kubadilisha gurudumu, kaza tena baada ya kilometa 50 mpaka 100. Ekru inaweza kulegea kidogo vipande vinapokaa mahali pake. Mtu akibadilisha mpira Lubumbashi, basi akifika Likasi, karibu kilometa 120, asinywe kitu mbele ya kupima ekru.

7. Chini ya motokari

Kriki ni ya kuinua. Si ya kushika. Usiingie chini ya motokari inayosimama juu ya kriki peke yake, hata kwa dakika moja, hata kuokota ekru iliyoanguka. Matofali pia hapana: tofali linapasuka kwa ghafula, bila kuonya. Weka motokari kwenye udongo ulio sawa na mgumu, kaza freni ya mkono, zuia magurudumu kwa vipande vya mti, na tumia miguu ya chuma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Gurudumu ulilolitoa, lilaze chini ya motokari. Kila kitu kikianguka, linaacha nafasi ya kifua chako. Watoto wakae mbali.

8. Mama, hii ni yako pia

Vitu vidogo vilivyolegea si vya chuma tu. Chupa ya maji inayoviringika chini ya viti inaweza kuingia nyuma ya pedali ya freni. Kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, motokari inapita karibu mita 17 kwa sekunde moja. Dreva akikanyaga freni na chupa ikizuia, sekunde moja ya kuitafuta kwa mguu ni mita 17, na mtoto anayevuka njia hana mita 17.

Basi mbele ya kuondoka, mama aangalie miguuni pa dreva: hakuna chupa, kiatu, mchezo wa mtoto, wala kizulia kinachoteleza. Kriki na funguo vifungwe nyuma. Motokari ikisimama kwa ghafula, vitu vyote visivyofungwa vinaendelea na mwendo ule ule mpaka vipate cha kuvizuia. Visipate kichwa cha mtu.

Na mama akisema: «Baba, hii kelele jana haikuwako», asijibiwe kwamba hajui motokari. Mtu asiyeshika volani ndiye anayesikia vizuri.

9. Maulizo ya kujipima

*Bulo inashika kwa nguvu gani?* Kwa kuvutika kama risori na kubana vipande viwili.

*Kelele inafuata mzunguko wa gurudumu. Nafanya nini?* Nasimama mahali salama, naangalia ekru za magurudumu.

*Nimechora mstari wa rangi, leo umekatika. Maana yake?* Ekru imezunguka. Natafuta sababu, nakaza vizuri, nachora tena.

*Nimebadilisha gurudumu. Kazi imekwisha?* Bado. Narudia kukaza baada ya kilometa 50 mpaka 100.

*Ekru imeviringika chini ya motokari iliyo juu ya kriki. Naiokota?* Hapana. Natumia fimbo, ao nashusha motokari kwanza.

Ndugu, kazini tunakuomba uripoti kila kitu kilicholegea: ngazi, kizuizi cha mashini, kaske yenye mkanda uliokatika. Hatuna jicho la kukufuata mpaka nyumbani. Lakini bibi na watoto wanaokungoja zamu ikiisha hawajali kama ekru ilitoka kazini ao njiani. Wanataka ufike. Siku ya Mungu inayokuja, mbele ya kupanda, zima redio, zunguka motokari yako mara moja, na usikilize.